Kishada Chenye Mkia wa Korosho

Kanga kamili ina pindo pande nne. Hii iliyoko mapajani mwangu ina pande tatu. Upande wa nne umekatwa, tena umekatwa ovyo, kwa mkono wa mtoto asiyeujua mkasi, kisha ukakunjwa na kushonwa kwa uzi mweupe na mtu anayeijua kazi yake. Tulipomaliza arubaini ya mama tulikaa sisi wanawe kugawana nguo zake, na kanga hii ilizunguka mkeka mzima bila ya mtu kuitaka. "Ya kupigia deki hiyo," alisema mdogo wangu. Niliinyakua kabla hajamaliza kusema, nikaipeleka puani.

Ilinuka udi, kama nguo zote za mama. Lakini chini ya udi, au labda kichwani mwangu tu, nilisikia harufu ya kanji. Wa rika langu mnaikumbuka: ule uji mwepesi wa wanga uliochemshwa jikoni ili kanzu ya Ijumaa isimame wima kama mtu mwenye kiburi. Nyumbani kwetu Malindi, mjini Unguja, kanji ilichemshwa kila Alhamisi. Na mwaka ninaousimulia ilichemshwa kila Alhamisi vilevile, ingawa mwenye kanzu hakuwepo.

Baba alikuwa fundi seremala. Kazi zilipopungua mjini alivuka kwenda Dar es Salaam, ambako majumba yalikuwa yakijengwa, akasema atarudi baada ya miezi mitatu. Mitatu ikawa sita, sita ikaelekea mwaka. Siku hizo kuvuka hakukuwa kununua tiketi tu; kulikuwa na karatasi za kuombwa na majibu ya kungojewa, na mambo hayo watu wazima waliyazungumza kwa sauti ya chini, sisi watoto tukiambiwa tukacheze nje. Ninachokumbuka mimi ni mama akiikanda kanzu ya baba kwenye beseni la kanji, akiianika, akiipiga pasi ya makaa na kuitundika. Alhamisi ya pili aliiteremsha ikiwa safi vilevile, akaifua tena. Sikuona ajabu yoyote. Nilidhani kanzu zote huchafuka, ziwe zimevaliwa au hazikuvaliwa.

Chumba chetu kilikuwa juu, na dirisha lake lilitazama bandari. Meli iliyomchukua baba niliifuata kwa macho mpaka ikawa kidoa, na tangu siku ile nikajua jambo moja kwa yakini: Dar ni nchi kavu iliyoko upande wa pili wa maji. Jiografia yangu yote iliishia hapo, na ndiyo iliyoniponza.

Chuoni kwetu, tulikosomeshwa Kurani, kulikuwa na msichana aliyenizidi umri na ulimi. Siku moja, tukingoja zamu ya kusomeshwa, akaniambia, "Wanaokwenda Dar huota mizizi. Babaako keshakusahau."

Nilimvuta ushungi, akalia, nikachapwa mimi. Lakini bakora iliuma siku moja, na lile neno liliendelea kuniuma. Nilikuwa na umri wa miaka minane na hofu yangu ilikuwa hiyo tu: kwamba baba amenisahau, na kwamba mtu aliyesahau hawezi kurudi mpaka akumbushwe.

Kila likizo ya msimu wa Kaskazi mama alitupeleka Chwaka kwa kaka yake, Mjomba Makame, kupunga upepo. Mjini tuna upepo wetu, tena wa bure, lakini mtu wa mjini hajihisi amepumzika mpaka apande gari akapunge wa wenzake. Mwaka uliotangulia, nikiwa pwani ya Chwaka, niliona mbele yangu, ng'ambo ya maji, mstari wa nchi kavu wenye minazi iliyoonekana midogo kama meno ya kitana. Sikumwuliza mtu. Nchi kavu, upande wa pili wa maji, kuna nini tena cha kuuliza? Ile ilikuwa Dar. Nilichostaajabia ni watu wa Chwaka tu, walioruzukiwa kuiona Dar kila siku na wala hawaisemi.

Basi nikapanga mpango wangu. Nitatengeneza kishada, kikubwa kuliko vyote wanavyorusha wavulana wa Malindi. Nitakirusha pwani ya Chwaka. Kitapanda, kitavuka maji, kitasimama juu ya Dar, na baba akiwa juu ya paa na nyundo yake atanyanyua macho, atakiona, atanikumbuka. Kwangu mimi mpango ule haukuwa na tundu hata moja.

Kazi ilinichukua wiki tatu. Karatasi nilizipata chuoni: zile nyekundu za shashi zilizobaki katika mapambo ya Maulidi, ambazo mwalimu alinipa akidhani nitafunikia msahafu. Mbavu za kishada nilichomoa katika ufagio wa chelewa, mbili leo, mbili kesho. "Ufagio huu una homa?" mama aliuliza siku moja, akiunyanyua. "Unakonda kila nikiutazama." Gundi ilikuwa kanji ya baba. Kila Alhamisi nilichota upawa mmoja ikiwa ya moto, nikapanda nayo darini, nikabandika huku vidole vikishikana na harufu ile ikinijaa puani. Kanzu ya baba ilianza kulegea kola. Mama alimlaumu muuza duka kwa kuuza wanga mbovu, nami nikanyamaza, Mungu anisamehe.

Ikabaki kumjulisha baba siku ya kutazama. Chini yetu alikaa Bi Tatu, jirani, aliyekuwa akienda Dar kumtazama bintiye aliyejifungua. Huyu Bi Tatu na mama walipendana sana, na waligombana sana pia, lakini ugomvi wao sikuwahi kuusikia, niliuona tu. Ukizuka, kwa mfano juu ya kamba ya kuanikia nguo, Bi Tatu alitoka asubuhi amejifunga kanga yenye maneno juu ya majirani wabaya, akapita mbele ya mlango wetu taratibu, mara mbili, ili asomeke vizuri. Kesho yake mama alishuka na jibu lake kiunoni. Siku tatu kanga zilisema na midomo ikanyamaza, mpaka mmoja akapeleka bakuli la mchuzi yakaisha. Nilikua nikijua kwamba mwanamke akiwa na neno zito hufungua sanduku.

"Bi Tatu," nilimwambia akifunga mizigo yake, "mwambie baba Jumamosi ya mwanzo ya likizo, baada ya sala ya Alasiri, atazame juu upande wa baharini."

"Atazame nini, mwanangu?"

"Atazame tu."

"Haya, bibi mkubwa. Ntamwambia."

Tulipanda gari la shamba kwenda Chwaka, mama na mdogo wangu mgongoni, mimi na kishada changu kifuani nimekikumbatia kama chungu cha mafuta. Utingo alitaka kukitupa juu pamoja na makapu, nikapiga kelele abiria wote wakageuka. "Lo! Mtoto wa kike na kishada!" alisema mzee mmoja. "Dunia imepinduka kweli." Watu wakacheka, wengine wakatazama nje madirishani. Mimi sikumjali, nilikuwa na kazi kubwa kuliko yake.

Mjomba Makame alikuwa fundi cherehani, mrefu, mwembamba, na futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni hata akila. Binti yake Zuwena tulikuwa sawa kwa umri. Yeye alijua kuogelea, kupanda mnazi na kumtania mtu yeyote. Mimi nilijua kukaa dirishani. Sikumwambia siri yangu, kwa sababu Zuwena angeicheka, na sikutaka mtu aicheke kabla baba hajaiona.

Ijumaa jioni tulikijaribu. Kishada kilipanda kidogo, kikazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, kikapiga pua mchangani. Mara ya pili ikawa vilevile. Mjomba alikuwa amesimama kibarazani akitutazama.

"Hakina mkia," alisema. "Kishada bila mkia hakina adabu. Njoo nkupe vipande vya marekani."

Vipande vya marekani vilikuwa vyeupe, na kitu cheupe mbinguni ni wingu tu. Nikapata wazo ambalo mpaka leo sijui kama nijivunie au nilionee haya. Baba, siku aliyoondoka, alimwekea mama mapajani doti moja ya kanga nyekundu, pindo lake likiwa na korosho nyeusi kubwa kubwa. Mama aliivaa siku za furaha tu, na mwaka ule siku hizo zilikuwa chache. Nikawaza: kishada chekundu baba anaweza kudhani ni cha mtoto mwengine yeyote. Lakini kanga aliyoichagua kwa mkono wake, ataikosaje? Mama alipokwenda kisimani nilichukua mkasi mkubwa wa mjomba, nikafungua mzigo wetu, nikakata pindo moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkasi ule ulikuwa mzito kuliko mkono wangu. Ukapita kombokombo, ukala na sehemu ya mji, ile katikati ya kanga. Nikaikunja ile iliyobaki, kovu likiwa ndani, nikairudisha mahali pake.

Jumamosi, baada ya Alasiri, tulishuka pwani. Maji yalikuwa yamejaa nusu. Wanawake wawili walikuwa wakiponda makumbi ya nazi, na ng'ambo, palepale nilipoiacha mwaka uliopita, ilikuwapo Dar yangu. Zuwena alikishika kishada, mimi nikashika uzi.

"Kiwache!"

Kilipanda. Yarabi, kilivyopanda! Hakikuzunguka wala hakikuyumba. Mkia ulikinyoosha, korosho zake zikachezacheza, na nikacheka kwa sauti peke yangu. Halafu kikapita juu ya kichwa changu. Kikaipa bahari kisogo, kikaelekea minazini.

"Si huko!" nilikipigia kelele. "Huku! Huku!"

Nilivuta. Nilikimbilia majini, nikaingia mpaka kiunoni na gauni langu, nikidhani nikisogea mimi nacho kitasogea. Kadiri nilivyokwenda mbele ndivyo upepo ulivyozidi kukisukuma nyuma yangu. Upepo ulikuwa ukitoka baharini kwenda minazini, na mimi mtoto wa Malindi sikuwahi kufikiri kwamba upepo una upande.

"Wewe unataka kwenda wapi na nguo?" Zuwena aliuliza.

"Dar! Nataka kiende Dar! Ile pale!"

Alitazama nilikoelekeza kidole. Kisha akakaa mchangani, akacheka mpaka akalala chali. "Ile Michamvi! Mama yangu mdogo kaolewa pale! Juzi tu kaja na vitumbua!"

Wale wanawake wawili nao wakaacha makumbi yao wakacheka. Sikuwalaumu. Nilisimama majini na uzi mkononi na mambo mawili yakaniangukia kwa pamoja: kwamba Dar yangu haikuwa Dar, na kwamba baba, ambaye saa ile alikuwa amesimama pahala fulani akitazama juu kama alivyoagizwa, haoni kitu. Atasema mtoto amenidanganya. Atateremka juu ya paa, aendelee na kazi yake, na asahau moja kwa moja. Nililia kilio cha kweli, cha kukatika pumzi, na uzi sikuuwacha.

Kilio kilimtoa Mjomba Makame kwenye cherehani. Alikuja na futi yake shingoni, akakunja suruali, akaingia majini kunitoa. Nilimwambia yote kwa kwikwi: baba, paa, mizizi, Bi Tatu. Yeye hakucheka. Alimtazama Zuwena, naye akaacha kucheka.

"Kibla kiko wapi?" mjomba aliniuliza.

Hilo nililijua. Mtoto gani wa chuo hajui? Nikaelekeza kidole kaskazini.

"Simama kama unaswali."

Nikasimama, gauni likinichuruzika maji, uzi umepita juu ya bega langu. Akaweka mkono wake juu ya bega langu la kushoto.

"Skiliza. Ukielekea Kibla hapa Chwaka, Dar iko nyuma yako, upande wa bega hili. Umefahamu? Usigeuke kwanza. Zuwena, hebu sema, kishada kiko wapi?"

Zuwena alitazama juu, akakunja uso, akatazama tena. "Nyuma yake," alisema polepole. "Upande wa bega la kushoto."

"Haya, geuka."

Nikageuka. Juu ya minazi, juu ya njia ya Dunga, kishada changu kilikuwa kimesimama kimenyooka, mkia ukielekea huko huko.

"Upepo wa Kaskazi una akili kukushinda," mjomba alisema. "Wewe unauvuta kwenda Michamvi, wenyewe unakwenda kwa babaako."

Sijawahi tena katika maisha yangu kufurahi ghafla namna ile. Nilirukaruka, nikamkumbatia mguu. Uzi wangu ulikuwa umekwisha, basi akamtuma Zuwena mbio akalete kigurudumu kizima cha uzi mweupe kutoka kwenye cherehani, akaufunga kwa fundo la kifundi, na kishada kikaendelea kwenda. Kikawa kama kiganja, kikawa kama jani, kikawa kama mdudu. Tulishika kwa zamu. Hata wale wanawake wa makumbi walikuja kushika kidogo, wakisema mkono unavutwa kama na samaki. Kisha uzi ukakatika, mkono wangu ukawa mwepesi, na kishada kikatikisika mara moja kikaenda zake.

"Kimekwenda," alisema Zuwena, na safari hii hakutania.

Mama aliifunua kanga yake jioni ileile. Nilisikia akiniita kwa jina langu lote.

"Naam, mama."

"Nani kaitafuna hii?"

Nikamwambia. Alikaa kitandani na kanga mapajani, akipitisha kidole kwenye ule ukingo wa kombokombo. Nilikuwa tayari kwa kofi, nimeshaligeuza shavu.

"Ungeniomba," alisema.

"Ungekataa."

"Ningekataa," alikubali. Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka na akajifuta kwa kanga yenyewe. Nilidhani ni kicheko tu. Mjomba aliupinda ule ukingo kwa uzi uliobaki kwenye kigurudumu, na tuliporudi mjini kanga ikatiwa chini kabisa ya sanduku, kwani mtu mzima akijifunga kanga fupi haimsitiri.

Baba alirudi karibu na mwezi wa Ramadhani, sanduku la zana begani, amekonda, ndevu zimemjaa. Bi Tatu alipandisha chetezo cha udi kuanzia asubuhi. Mama alikuwa na doti mbili mpya, hazijaingia maji, alizoziweka kwa ajili ya siku hiyo hiyo. Akatoka chumbani amejifunga ile iliyokatwa.

"Ala!" Bi Tatu alishika kiuno. "Umeingiwa na nini? Kanga mbovu ndiyo ya kumpokelea mume?"

"Hii ndiyo ntakayovaa," mama alisema, akaenda kutia kahawa.

Mimi sikungoja kahawa. Baba alipokaa tu nilimpanda mapajani, nikamshika ndevu. "Baba, ulikiona kishada changu? Nlikirusha Chwaka. Ulikiona?"

Baba aligeuka kumtafuta mama kwa macho. Mama alikuja na sinia, akaliweka chini mbele yake, akakaa, akaiteremsha ile ncha fupi ya kanga juu ya magoti yake akaipapasa kama anayeondoa mikunjo, mshono mweupe ukiwa juu. Baba aliutazama mshono. Alinitazama mimi. Fundi seremala huishi kwa kutambua kipande kilichokatwa kimetoka wapi.

"Nlikiona," alisema.

"Rangi gani?"

"Rangi sikuiona, mwanangu. Kilikuwa juu mno, tena jua la alasiri lilinipiga machoni. Mimi nliona mkia tu. Korosho nyeusi. Nkasema, ala, hii si ile kanga ya mama watoto? Basi palepale nkateremka juu ya paa nkenda kuomba karatasi zangu za kurudi."

Nilishuka mapajani nikaenda mbio chuoni kumtafuta yule msichana.

Nilikuja kuwa mwalimu wa jiografia, na vizazi vya wanafunzi wangu havijui kwa nini somo la dira nililianza kwa Kibla. Ninajua umbali wa Chwaka na Dar. Ninajua kwamba mtu aliyeko Dar akitazama kwetu alasiri, jua humpiga kisogoni. Na Bi Tatu, kabla hajafa, aliniambia kwa kicheko kwamba salamu zangu zote alizisahau melini. Alikuwa akimfikiria mjukuu. Baba hakuwa ameambiwa neno lolote. Hayo yote niliyajua, lakini miaka yote hiyo nilimsifu baba peke yake kwa werevu wake. Hadi nilipokaa juu ya mkeka ule na wadogo zangu, mama akiwa hayupo tena wa kuulizwa, ndipo nikajiuliza kwa nini mwanamke mwenye doti mbili mpya alimpokea mumewe baada ya mwaka mzima kwa kanga iliyokatwa. Mama yangu alikuwa na neno la kusema ambalo hakuweza kulisema mbele yangu, akafungua sanduku.

Mdogo wangu aliniona ninalia, akadhani ni msiba tu. Akaigusa ile kanga, akataka kunibadilishia na nyengine nzuri zaidi.

"Fupi hiyo, dada," alisema. "Haitakufika."

Nikamwambia aiwache, kanga hii ilifika Dar.